Gurbaba kwa Mwimbaji wa Ukutani

Je, wewe uliyekaa hapo, umewahi kupenda wimbo ambao hujausikia wote? Si kuusahau, la. Mwanzo wake unao, mwisho wake unao, lakini katikati kuna shimo, na kila ukijaribu kuuimba unatumbukia humo na sufuria yako mkononi.

Kaltumu wa Koboko aliupenda wimbo wa namna hiyo mwaka wa sabini na tatu, na nusura umtie wazimu.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa Sulaiti fundi cherehani, mrefu, mwenye mwanya katika meno ya mbele. Alikaa na bibi yake, Mariam Poni, lakini jina hilo lilikuwa la kwenye karatasi tu. Mji mzima ulimwita Haboba, maana kwa Wanubi haboba ndiye bibi. Kazi yao wawili ilikuwa kusuka tabaga, zile sinia za ukili za kufunikia chakula. Haboba alianza katikati kwa rangi nyekundu, halafu kijani, halafu zambarau, na mzunguko wa mwisho lazima uwe wa njano. Tabaga isiyoishia kwa njano, alisema, ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila kuaga.

Tena Haboba ndiye aliyekuwa kichwa cha doluka pale Koboko. Doluka ni ngoma ya wanawake siku ya arusi: upande wa bibi arusi unasimama huku, upande wa bwana arusi kule, na wanapigana kwa nyimbo mpaka mmoja uishiwe. Sheria yake ni hii. Mwenye kuleta wimbo mpya ndiye anaufungua. Anaingia katikati peke yake, anaimba mstari wa kwanza bila ngoma, na kuanzia hapo wimbo unaitwa kwa jina lake hata akifa. Haboba alikuwa na nyimbo kumi na moja za jina lake. Kaltumu hakuwa na hata mmoja. Tangu akiwa na miaka minane yeye alikuwa mwitikiaji, kazi yake ni "eee" na "aaa" na kupiga makofi.

Basi alichokitaka Kaltumu hapa duniani hakikuwa gauni wala saa ya mkononi. Alitaka kufungua wimbo. Mmoja tu. Lakini katika nyumba ile kijana hasemi "nataka" mbele ya mkubwa; anangoja aulizwe. Naye Kaltumu alingoja, na hakuna aliyeuliza.

Mwezi ule binamu yake Fatumah alikuwa anaolewa na kijana wa Arua. Siku kumi na moja kabla ya arusi, Kaltumu na Haboba walipanda lori na tabaga ishirini na nane, wakaenda Arua kuuza, wakafikia kwa jamaa. Walipofika sokoni, habari ilikuwa moja tu: Hajji Umaru ameleta filamu ya Wamarekani weusi. Itaonyeshwa leo Jumatano, Alhamisi na Jumamosi, saa tisa alasiri, na Jumapili itakwenda Gulu.

"Haboba," Kaltumu alisema, akisokota ukili usiohitaji kusokotwa, "watu wanasema hiyo filamu iko na nyimbo."

"Wewe unataka kwenda?"

"Mimi nasema tu iko na nyimbo."

"Haya. Lakini msichana haendi huko peke yake. Mimi nitakaa na wewe. Kuangalia, siangalii."

Haboba alikuwa na msimamo wake juu ya filamu. Alisema kumtazama mtu ambaye yeye hakuoni ni kuchungulia, na yeye hakuzaliwa katika ukoo wa wachunguliaji. Kwa hiyo walipoingia ukumbini, ambao zamani ulikuwa ghala la pamba, wakakaa benchi la kwanza, Kaltumu akaelekea ukuta uliopakwa chokaa, na Haboba akageuka akaelekea watu. Alitoa tabaga yake na sindano yake, akasuka kwa mwanga uliotoka ukutani. Watu mia moja na kitu walitazama filamu, na Haboba akawatazama wao.

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia. Mashine iliendeshwa na Lado, kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama kama bati. Spika ilikuwa moja tu, sanduku kubwa kama banda la mbuzi, chini kushoto kwa ukuta, na ilikoroma.

Filamu ilianza. Suti za rangi ya maboga, magari marefu kama mitumbwi, watu wanafukuzana, watu wanapigana. Vijana wa mabenchi ya nyuma walipiga makofi kila ngumi ilipotua. Halafu mtu mwema wa filamu ile, akikimbia adui zake, akaingia katika baa fulani kujificha, na mle ndani mwanamke alikuwa anaimba.

Lo! Mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, gauni la dhahabu, mabega wazi. Nyuma yake ngoma ilikwenda du-ka, du-duka, du-ka, tarumbeta lililopinda likalia kama mtu anayebembeleza mtoto, na sauti ya yule mama ikapanda. Kaltumu hakujua neno hata moja la Kiingereza kile. Lakini miguu yake ilijua. Ule mwendo ulikuwa mwendo wa doluka! Mguu wa kulia, kiuno, mguu wa kushoto, bega.

Mstari mmoja. Mstari mmoja tu, na ukuta ukawa giza.

Hajji Umaru alikuwa mtu wa heshima. Aliona mabega yale siku alipoijaribu filamu, akasema katika ukumbi wake, mbele ya mama za watu, mabega hayatapita. Akampa Lado kipande cha boksi la sabuni akiweke mdomoni mwa mashine mpaka yule mwanamke amalize. Picha ikazibwa. Sauti haikuzibwa, sauti iliendelea. Lakini nani aliisikia? Ukumbi mzima ulilipuka.

"Lado! Ondoa boksi!"

"Rudisha mama yetu!"

"Lado, wewe unaona peke yako huko!"

Miluzi, miguu, makopo. Kaltumu alitega masikio mpaka yakamuuma, asipate kitu. Boksi lilipoondoka, mwanamke alikuwa anafunga mdomo wake kwa "ooo" ndefu, na yule mtu mwema anatoka kwa mlango wa jikoni.

Jumatano ilikuwa hivyo. Alhamisi wakarudi, na mambo yakawa yaleyale, tena mabaya zaidi, kwa sababu sasa watu walijua boksi linakuja na walianza kelele mapema ili wasichelewe. Kaltumu akabaki na mwanzo na mwisho. Usiku alilala nao. Asubuhi alipokuwa anamenya mihogo aliimba mwanzo, akafika shimoni, akanyamaza, akaimba mwisho.

"Huo wimbo wako uko na njaa?" akauliza Drateru. Drateru alikuwa rafiki yake wa Pajulu, kando ya Arua, msichana wa Kilugbara aliyeuza karanga mlangoni pa ukumbi. "Kichwa kikubwa, miguu miwili, tumbo hakuna."

"Tumbo limekaa nyuma ya boksi," Kaltumu alisema, na machozi yakamlenga, ingawa alikuwa anacheka. Hakumwambia kwamba arusi ilikuwa Jumapili ya wiki ijayo, kwamba Koboko yote haikuwa na mtu mwenye wimbo kama ule, na kwamba huo ndio ungekuwa wake. Ilibaki Jumamosi.

Ijumaa alimkuta Lado nje ya ukumbi akifuta mikanda yake kwa kitambaa.

"Kaka Lado, ule wimbo wa mama wa dhahabu..."

"Ah! Hiyo wanaita ridhimu na bluzi," Lado alisema akirekebisha kola. "Mimi pia naipenda sana. Lakini boksi ni la Hajji. Mimi iko mutu wa kupokea amri."

Basi likabaki la kwenda kwa Hajji. Msichana haendi kumwambia mzee wa watu jambo uso kwa uso, kwa hiyo Haboba alikwenda mbele na Kaltumu nyuma yake, na maneno yakapita kama maji kwenye mfereji: Kaltumu ananong'ona, Haboba anatangaza. Hajji Umaru alikuwa barazani anakunywa chai ya tangawizi.

"Mjukuu wangu anasema ondoa boksi," Haboba alitangaza.

"Mama Mariam, mabega yale..."

"Mimi sijayaona. Mimi nimegeuka."

"Wewe umegeuka, wengine hawakugeuka! Kesho wamama wataniambia Hajji ameleta uchi Arua."

Kaltumu alinong'ona. Haboba akakunja uso, akasikiliza tena, halafu akaanza kutikisika mabega, na hakuwa analia.

"Anasema kama shida ni mabega, basi tumvalishe."

"Tumvalishe nani?"

"Huyo mwanamke."

"Mama, huyo ni mwanga! Ni picha! Utamvalisha vipi?"

"Kwa gurbaba," alisema Haboba, na safari hii hakungoja kunong'onewa.

Gurbaba, kwa asiyejua, ndilo vazi la heshima la mama wa Kinubi, kitambaa cha maua kinachofunika kutoka begani hadi chini. Mpango ulikuwa rahisi kusema. Kitambaa kishonwe kwa mianzi miwili, mmoja kila mwisho. Wasichana wawili wasimame kando ya ukuta, mmoja huku, mmoja kule, na yule mwanamke akitokea wakivute mbele ya mabega yake. Akishuka washuke, akipanda wapande. Uso wazi, mabega yamevaa.

Hajji Umaru alipiga funda la chai. Kisha chai ikamtoka puani kwa kicheko.

"Wallahi, jaribuni," alisema. "Lakini kitambaa kikianguka, boksi linarudi."

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa chini mbele ya mabenchi. Kaltumu alisimama na mwanzi wake upande wa kushoto, na Drateru, aliyeacha karanga zake kwa dada yake, alisimama upande wa kulia. Gurbaba ya Haboba, kahawia yenye maua meupe, ililala katikati yao sakafuni. Haboba alikuwa mahali pake pa benchi la kwanza, mgongo kwa ukuta, tabaga mapajani.

Ngumi zikapigwa, magari yakapinduka. Mtu mwema akaingia baa. Midomo ilianza kukunjwa kwa miluzi.

"Sasa!" Lado alipiga kelele toka kwa mashine.

Wakainua. Kwanza waliinua mno, mama wa dhahabu akawa maua matupu, hana kichwa. "Shusha!" Wakashusha, Drateru akashusha zaidi, na vazi likakaa upande kama mtu aliyetoka kisimani. Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mwanamume mmoja alilala chali kabisa katikati ya mabenchi. Kelele ile ilikuwa kubwa kuliko kelele zote za boksi, na Kaltumu akajua ameharibu. Wimbo ulikuwa umeshavuka mstari wa kwanza. Unaingia shimoni, na hasikii kitu.

Ndipo Haboba aliposimama juu ya benchi.

Usisahau kwamba siku mbili zote yeye alikuwa anawatazama watu. Hakuna aliyewajua kama yeye.

"Wewe Soka!" aliita. "Mtoto wa Kasimiro mwashi! Funga mdomo, nimeona meno yako yote, na mawili yameoza! Na wewe koplo mwenye kofia, mama watoto anajua uko hapa mara ya tatu? Ninyi wawili huko nyuma, mmoja wenu ameoa, sitaki kusema nani! Nani mwingine anataka nimtaje?"

Palikuwa kimya hata ukasikia mashine ya Lado ikitafuna mkanda wake.

Na katika kimya kile mama wa dhahabu akaimba. Vazi lilikuwa limekaa sawa sasa. Mwanga wake ulipita juu ya maua, maua yakatembea na kiuno chake, na ungeapa kwamba ni mama wa hapahapa, jirani yako, amevaa gurbaba yake na anakwenda arusini. Alipoinama, wasichana waliinama. Alipojirusha nyuma, walijirusha. Wanawake ukumbini walishika vifua. Mmoja alipiga kigelegele, wengine wakamfuata kwa sauti ya chini, ili wasimkatize mgeni.

Kaltumu hakuona kitu. Aliyeshika mwanzi anaona tu mkono wake na chokaa. Lakini alikuwa amesimama mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kusimama: goti lake lilikuwa limegusa sanduku la spika. Ngoma ilimwingia kwa goti. Tarumbeta lilimwingia kwa mbavu. Katikati yote ya wimbo, ambayo haikuwa ndefu kuliko kumenya viazi vitatu, ilipita mwilini mwake kipande kwa kipande, pale unapopanda mara mbili, pale unapokaa kimya ghafla kama mtu aliyesahau jina, na pale unaporudi kwa kishindo. Alipofika kwenye "ooo" ya mwisho alikuwa anaimba pamoja naye kwa sauti, na hajui.

Mlango wa jikoni ukafungwa. Gurbaba ikaanguka chini. Drateru alikaa juu ya mwanzi wake akicheka mpaka kwikwi ikamshika, na Hajji Umaru, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, alipangusa macho kwa kofia.

Njiani kurudi Koboko, juu ya lori, Kaltumu aliuimba wimbo wote chini kwa chini tangu Manibe, nje kidogo ya Arua, na hapakuwa na shimo. Kufika nyumbani alikuwa ameanza kuupa maneno, kwa maana yale ya Kimarekani hakuyajua, na bibi arusi lazima atajwe. Siku nzima akisuka tabaga aliyapanga na kuyapangua, na siku ya tatu yakatulia:

*Fatumah, fungua mlango, wageni wako wamefika,*
*Usilie, dada, usilie, utaloanisha hina.*

"Maneno mazuri," alisema Haboba bila kuinua macho kutoka kwenye mzunguko wake wa zambarau. "Nitaimba hivyohivyo."

Sindano ya Kaltumu ikamchoma kidole.

"Hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Utakuwa wimbo wangu wa kumi na mbili. Mimi niliwanyamazisha watu, gurbaba ilikuwa yangu. Wale wa Arua watakimbia bila viatu! Wewe utaitikia karibu yangu, sauti yako imekuwa nzuri siku hizi."

Haboba hakuwa na ubaya. Miaka arobaini nyimbo zote nzuri za Koboko zilipita kwa mdomo wake, naye alidhani ndiyo njia ya nyimbo, kama mto unavyodhani maji yote ni yake. Kaltumu angeweza kusema. Alifungua mdomo Jumatano, akaomba chumvi. Alifungua Ijumaa, akauliza kama mbuzi amefungwa. Usiku wa kuamkia arusi alisimama mlangoni mwa Haboba akiwa na taa, Haboba akauliza, "Nini, mjukuu wangu?" naye akajibu, "Hakuna, Haboba. Nilidhani umeita."

Jumapili jua lilikuwa bado juu wakati lori la Arua lilipoingia na wanawake wa bwana arusi wamesimama wote, wanaimba kabla hata gurudumu halijasimama. Mbele yao alikuwa Madinah, fundi wao wa doluka, mwanamke mwenye sauti ya kupasua kuni. Uwanja wa Sulaiti ulikuwa umefagiwa mara mbili na kunyunyizwa maji. Ngoma zilikuwa zimekazwa kwa moto. Fatumah alikaa juu ya mkeka, hina mpaka viwiko.

Arua walipiga wimbo, Koboko wakajibu. Arua wakapiga mwingine, Koboko wakajibu. Vumbi lilipanda, viatu vilitupwa. Saa nzima ikapita hivyo, hata Madinah akasimama mikono kiunoni.

"Koboko! Hizo zote tulizisikia arusi ya mama zetu! Hamna kipya? Ama nyimbo zenu zimezeeka pamoja na mwenyewe?"

"Haa!" waliitikia watu wake. "Zimeota mvi!"

Haboba alitabasamu. Alikuwa amengoja maneno hayohayo. Alifunga gurbaba yake vizuri, ileile ya maua meupe, akaingia katikati. Ngoma zikanyamaza, kama sheria inavyotaka. Wanawake wa Koboko walijisogeza kuitikia. Haboba akavuta pumzi, akainua kidevu.

Kaltumu aliona mdomo ule unafunguka. Aliona mwanzo wa wimbo umekaa kabisa juu ya ulimi. Goti lake likaanza kupiga lenyewe, du-ka, du-duka, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ametoka kwenye mstari wa waitikiaji, amefika katikati ya uwanja, mrefu kuliko wote, amemshika bibi yake mkono mbele ya Koboko na Arua.

"Haboba, ngoja."

"Nini tena? Watu wananingoja!"

"Ngoja kidogo."

"Wewe mtoto iko na nini? Unaumwa?"

Mtu alicheka upande wa Arua. Madinah alisema, "Wanagombana wenyewe, tumeshinda!" Fatumah alinyanyua uso wake kwenye mkeka. Kaltumu alitazama chini, akayaona maua yote meupe ya gurbaba, halafu akatazama juu, machoni mwa bibi yake, karibu kabisa, na kicheko kikampanda pamoja na maneno, vyote viwili kwa wakati mmoja, mpaka mwanya wake ukaonekana na uwanja mzima.

"Haboba, mimi nataka kufungua. Huu wimbo, mimi. Tangu niko na miaka minane mimi nataka kufungua!"